Sauti Kutoka Juu

Palikuwa na nchi, na kama kwenu haipo shukuruni Mungu, maana waliozaliwa humo walikuwa na kazi ya kuishi ndani yake. Ilikuwa nchi nzuri, msije mkaidhania vibaya. Ilikuwa na wimbo, ilikuwa na bendera, tena mabomba yake ya maji yalizinduliwa mara nyingi kuliko ya jirani yeyote. Bomba la mtaa wa Mama Sikudhani peke yake lilikatiwa utepe na mawaziri watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila ulipokatwa utepe maji yalitoka kweli. Yalikuja na boza, yakamwagiwa ndani ya bomba kwa nyuma, waziri akanawa mikono, boza likaondoka na waziri wake.

Watu wa nchi ile walikuwa watiifu. Ukimwomba mshika koki maji, alikujibu kwa adabu: "Tunasubiri agizo kutoka juu." Ukienda zahanati, dawa unaziona kabatini, kabati limefungwa, na muuguzi anakwambia huku anakuonea huruma: "Bado agizo kutoka juu." Sasa hiyo juu iko wapi? Hakuna aliyejua. Karani alidhani ni kwa mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya alidhani ni kwa mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa alidhani ni wizarani, na wizarani ukiwauliza walitazama dari.

Mama Sikudhani alikuwa akiuza uji mbele ya zahanati. Mama huyu alikuwa mwoga, tusimfiche. Mtoto wa mtu akipanda juu ya benchi lake, alimshusha. Upepo ukivuma, aliwahesabia wenzake vichwa vya watoto wao. Na Mungu, ambaye hutania na waoga, akampa mtoto mmoja tu, binti, asiyeogopa kitu. Huyo ndiye Sikudhani, mwenyewe akijiita Siku, fundi wa mashine za hewa katika hospitali kuu. Mgonjwa aliyekuwa hapumui, Siku alimtengenezea mashine akapumua, na daktari akapongezwa.

Ikawa mataifa rafiki yameipa nchi ile nafasi ya mtu mmoja wa kupanda roketi, aende kwenye kituo cha angani akakae na watu wa mataifa mengine, wafanye utafiti. Watoto wa wakubwa wote wakajitokeza. Mmoja alikwisha kushonesha suti. Kisha mtaalamu wa kigeni akaeleza kwamba roketi huwashwa moto chini ya viti vya abiria. Kufika jioni, watoto wa wakubwa walikuwa wanaumwa tumbo. Akabaki Sikudhani, ambaye alifanya mtihani na kuufaulu, njia ambayo wizara ilikuwa haijaifikiria.

"Siku, mwanangu," mama yake alimwambia, "huko juu kuna nini ambacho hapa hakipo?"

"Hakuna kitu, Mama. Ndiyo maana wanakwenda kutazama."

"Na ukianguka?"

"Kule mtu haanguki. Vitu vinaelea."

"Kila kinachoelea kina siku yake ya kuzama."

Siku akacheka, akamkumbatia, akaenda.

*

Siku ya kuruka, Serikali iliweka luninga kubwa uwanjani na kuwaleta wananchi kwa malori ili wafurahi. Waziri wa Mambo ya Juu, Mheshimiwa Makeke, alipanda jukwaani akafungua koo.

"Ndugu wananchi! Leo taifa limepaa! Walikuwa wakitutazama kutoka juu. Sasa nasi tutawatazama wakitutazama, tena tukiwa juu ya hapo walipo wakitutazama!"

Makofi yalipigwa. Bahati mbaya wazee wawili walikohoa katikati ya sentensi, kwa sababu ya vumbi la magari ya waheshimiwa. Walichukuliwa papo hapo kwa kosa la kukohoa kwa maana. Mmoja alikuwa Mzee Vuai, mume wa Bi Mize, jirani wa Mama Sikudhani.

Roketi ikawaka. Mama Sikudhani alijifunika kanga kichwa kizima, akabaki humo mpaka Bi Mize alipomfunua, naye machozi ya kumlilia mumewe yakimtoka.

"Toka, shoga. Mwanao amefika mawinguni. Wangu amefika polisi."

Wizara, kwa kujivuna, ilianzisha kipindi cha redio, Siku azungumze na taifa moja kwa moja kutoka kituoni. Ikakipa jina *Sauti Kutoka Juu*. Alivumbua jina hilo Mheshimiwa Makeke mwenyewe na akajipa tuzo. Ili kipindi kiguse mioyo, gari la redio lililetwa mpaka kwenye benchi la uji, mama akavalishwa vidude vya masikioni, akaambiwa aongee na mwanawe kama mama wa kawaida.

"Siku! Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakula? Mbona sauti yako kama ya mtu aliye ndani ya mtungi?"

"Ndivyo ilivyo, Mama, niko ndani ya mtungi. Nakula. Hapa tuko na nahodha wetu, Bi Haruko wa Japani, na Paolo wa Italia, na wengine. Paolo anasema anataka kuonja uji wako."

"Mwambie aje na kikombe. Sufuria ninayo, maji ndiyo sina. Leo nimepika kwa maji ya kununua."

"Bado tu?" Siku aliuliza. "Jamani, si wawafungulie watu maji!"

Alisema hivyo kama wewe na mimi tungesema. Lakini mshika koki, Bwana Zahoro, alikuwa ofisini kwake amelala na redio iko wazi. Alisikia mtangazaji akisema, "Mmekuwa mkisikiliza Sauti Kutoka Juu." Alisimama wima. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa akilisubiri agizo kutoka juu, na leo limemfikia, tena kwa redio ya Serikali. Alikimbia na kofia mkononi akafungua koki.

Maji yakatoka. Yalitoka na kutu, na vyura, kisha yakatoka meupe. Watoto walilia kwa kuwa hawakujua bomba linafanya hivyo.

*

Mnaona ubaya uko wapi? Hata Serikali mwanzoni haikuuona. Ilituma kamera kupiga picha maji.

Wiki iliyofuata benchi la uji halikuwa na pa kukaa. Watu walitoka mbali, kila mtu na lake. "Mama Siku, mwambie mwanao aseme neno juu ya kabati la dawa." "Mama Siku, daraja letu lina mawe na saruji, mafundi wamekaa kivulini." Mama akasema yeye hajui mambo ya Serikali. Lakini kipindi kilipoanza, mdomo wa mama haukustahimili.

"Siku, hapa wanauliza dawa."

"Kabati bado limefungwa, Mama? Lifunguliwe basi."

Muuguzi alikuwa ameshika ufunguo tayari. Alilia alipolifungua. Daraja lilijengwa. Mwalimu akapewa chaki. Nchi nzima, watumishi walisikiliza kipindi hicho wamesimama, na walipoulizwa na wakubwa wao walijibu kwa kiapo: "Agizo limetoka juu, mheshimiwa. Nimelisikia kwa masikio yangu." Na wakubwa wakawaacha, maana ni kweli, na wao wenyewe walikuwa hawajawahi kulisikia la juu jingine.

Mama Sikudhani, badala ya kufurahi, alianza kukosa hamu ya kula. Alimwambia Bi Mize: "Mtoto akipendwa na wengi, kuna mmoja anayenoa kisu."

"Huyo mmoja tutamwona," Bi Mize alijibu. "Wewe mwambie Siku habari ya mume wangu."

"Hilo hapana, shoga. Maji ni maji. Wafungwa ni mambo mengine."

Bi Mize alikaza kanga yake. Alikaa tu pembeni ya benchi, na kipindi kilipoanza akainamia kipaza sauti kabla hajakatazwa: "Mwanangu Siku, mimi Bi Mize. Baba yako Vuai bado yuko ndani, na kifua chake si kizuri."

Halafu Siku akasema, taratibu, na sasa alijua anachosema: "Wale wazee waliokohoa waachiwe. Mtu hafungwi kwa kifua."

Mkuu wa gereza alifungua mlango. Mzee Vuai akaja nyumbani kwa miguu, anakohoa njia nzima, na kila alipokohoa watu walipiga vigelegele.

*

Hapo Ikulu pakawaka taa.

Mkuu wa nchi, aliyeitwa Mtukufu kwa sheria, aliuliza swali moja: "Juu ni nani?" Washauri wakamjibu kwa kauli moja kwamba ni yeye. "Basi kwa nini hawanisikilizi mimi?" Wakamweleza kwa unyenyekevu kwamba Ikulu imejengwa bondeni.

Wakapandisha kiti chake juu ya meza. Haikufaa. Wakakipandisha ghorofani, kisha juu ya paa, kikafungwa kwa kamba kwenye tangi la maji, na Mtukufu akatoa hotuba kwa taifa kutoka hapo akiwa ameshika bomba la mvua kwa mikono miwili. Wananchi walisikia "ndugu zangu" na "mnishikilie vizuri." Hakuna ofisi iliyotekeleza lolote, maana walishindwa kujua lipi ni agizo.

Ndipo maprofesa wakaitwa. Wakakaa, wakala, wakatoa tamko kwamba, kwa mujibu wa sayansi ya kisasa, angani si juu. Angani ni pembeni. Redio ikalitangaza asubuhi na jioni. Lakini wananchi walikuwa wameiona roketi kwenye luninga, na haikuwa imekwenda pembeni. Bwana Zahoro mshika koki aliulizwa kwa nini bado anafungua maji. Akasema, "Mimi sina shule, waheshimiwa. Nikiambiwa juu, nainua kichwa."

Wakabaki wamekwama. Kumzima Siku hawakuweza: mitambo ya kituo ni ya mataifa, na mataifa yalikuwa yanakipenda kipindi. Kumshusha hawakuweza. Kumtisha hawakuweza, maana utamtishaje mtu aliyekalia moto akaruka nao?

Mheshimiwa Makeke ndiye aliyepata akili. Alisema: "Yeye haogopi. Lakini ana mama."

*

Alikuja kwa Mama Sikudhani bila ving'ora. Alivaa kandambili. Akavua kofia mlangoni, akasema:

"Shikamoo, mama."

Akina mama mnaonisikia, waziri akikupa shikamoo, funga mlango. Mama Sikudhani hakuufunga. Alishtuka, akasahau hata kuitikia, akamfutia kigoda kwa upindo wa kanga.

Mheshimiwa akaomba uji. Akaunywa wote, akalamba midomo, kisha akainamisha kichwa.

"Mama, sipati usingizi. Ni kwa ajili ya mtoto wetu."

"Ana nini?"

"Hajakwambia? Alikuwa hataki uogope." Akashusha sauti. "Wenye kituo wamekasirika. Wanasema mtu anayetoa maagizo huko ni hatari kwa wenzake. Chombo cha kurudia kina kufuli, mama, na ufunguo wanao wao. Hawamfungulii mpaka akane maneno yake yote mbele ya dunia. Na hewa ya kule ni ya kugawiwa."

"Mwanangu anajua mambo ya hewa."

"Anayajua. Lakini hewa si yake."

Hapo alimpata. Mama alikaa chini kwenye sakafu. Yale yote aliyoyaogopa tangu roketi ilipowaka, mtu mzima mwenye wizara amekuja kumthibitishia.

"Nimwambieje? Siku hasikii la mtu."

"La mtu hasikii. La radhi yako je?"

Akina mama wengine wa mtaa ule walitaja radhi hata kwa mtoto aliyechelewa kuleta chumvi. Mama Sikudhani hakuwahi kuitaja, hata siku moja. Aliona radhi ya mzazi ni kama kisu cha kuchinjia: kipo, kimefungwa kitambaa, hukitoi kukatia nyanya.

"Na akishakana?" aliuliza.

"Atashuka. Arudi nyumbani moja kwa moja, asipite kwa watu, na mimi nitampokea kwa mkono wangu huu." Akaunyoosha mkono, mnene, mlaini, na mama akaubusu.

*

Siku ya kipindi, Mheshimiwa Makeke alikaa benchini bega kwa bega na mama, maneno ameyaandaa.

"Siku."

"Shikamoo, Mama. Leo mbona huulizi nimekula nini?"

"Siku, sema kwamba wewe si juu. Sema uliyoyasema yalikuwa kizunguzungu."

"Mama, wamekwambia nini?"

"Usiniulize. Sema, wakufungulie."

"Wanifungulie nini? Mama, tarehe yetu ya kushuka ipo pale pale. Hakuna kufuli hapa. Nani aliyekwambia..."

Mama akamgeukia Mheshimiwa. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa huzuni, akamnong'oneza: "Ndivyo wanavyomlazimisha aseme."

Na mama, kati ya sauti ya mwanawe aliyemzaa na mnong'ono wa mtu wa Serikali, akaamini mnong'ono. Hofu ndiyo iliyochagua.

"Sikudhani," akasema, "kwa maziwa niliyokunyonyesha. Kama husemi maneno hayo, na kama hurudi nyumbani moja kwa moja bila kupita kwa mtu, radhi yangu huna. Huna hapa, huna huko."

Bi Mize, aliyekuwa bombani na ndoo, alisema, "La, shoga, la!" lakini neno lilikwisha kupaa.

Ikasikika sauti ya mwanamke mwingine, Bi Haruko, akisema jambo haraka haraka kwa lugha ya kwao, kama mtu anayemvuta mwenzake mkono. Siku akamjibu kwa upole. Kisha akarudi kwa mama yake.

"Mimi, Sikudhani, si juu," alisema. "Niliyoyasema yalikuwa kizunguzungu. Umeridhika, Mama?"

"Nimeridhika, mwanangu. Njoo."

Bwana Zahoro alikuwa anasikiliza amesimama. Alivaa kofia, akaenda akafunga koki. Ndoo ya Bi Mize ilikuwa nusu. Muuguzi alifunga kabati. Na kabla uji haujapoa, askari walikuja kumchukua tena Mzee Vuai, ambaye siku hiyo hakuwa amekohoa hata kidogo.

Bi Mize alimwaga ile nusu ndoo mbele ya benchi la shoga yake, akaingia ndani kwake. Hakumsalimia tena.

*

Chombo kilishuka kwa tarehe ile ile iliyopangwa tangu mwanzo, kwenye mbuga za nchi nyingine, na Siku alitoka na wenzake wote, hakuna aliyekuwa amefungiwa. Bi Haruko alimwambia akae kwao apumzike. Paolo alimwambia vivyo hivyo. Siku alisema ameambiwa arudi moja kwa moja.

Uwanja wa ndege ulipambwa. Bendi ya polisi ilipiga. Mama Sikudhani aliwekwa mstari wa mbele, na chupa ya uji kwapani, uji wa maziwa, wenye tangawizi jinsi Siku anavyoupenda. Akamwona mwanawe anashuka ngazi za ndege. Watu waliotoka angani miguu huwa imesahau uzito. Siku alikuwa anatembea kama mtoto anayeanza dede. Mama aliinua chupa ili amwone.

Mheshimiwa Makeke alitimiza ahadi. Alimpokea kwa mkono wake ule ule. Alimshika kwapani, akamtembeza mbele ya bendi, mbele ya kamera, mbele ya mama yake, kwa hatua za upole, akamwingiza katika gari jeusi. Mlango ukafungwa. Mama alidhani ndiyo itifaki. Alisubiri pale mpaka bendi ilipomaliza kufunga ngoma zake, na mfagizi akamwambia, "Mama, hakuna anayerudi."

Kesho yake redio ilitangaza kwamba mwananchi mmoja anashitakiwa kwa kujifanya juu. Ushahidi: amekiri mwenyewe hewani. Shahidi wa Serikali: mzazi wake. Kisha wakaipiga ile sauti, "kwa maziwa niliyokunyonyesha," na baada yake wimbo wa matangazo ya sabuni. Wakairudia mchana. Wakairudia usiku. Mama alizima redio yake, ikasikika ya jirani.

Alikwenda wizarani akakaa ngazini mpaka Mheshimiwa alipotoka.

"Ulisema utampokea!"

"Sikumpokea?"

"Ulisema anarudi nyumbani!"

"Gereza liko nchi gani, mama? Si hapa hapa nyumbani?" Alivaa miwani yake. "Safari hii mimi sikukupa shikamoo, unaona? Basi niitikie kwaheri."

*

Gerezani waliruhusiwa kuongea kupitia tundu la wavu. Siku alikuwa amekonda. Mama alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, alipofika yakamkimbia.

"Ulijua?" ndilo lililomtoka. "Ulijua hakuna kufuli?"

"Mama, mashine za kituo kile nilikuwa nazikagua mimi. Ningeacha kujua?"

"Ulijua na watakufanya nini?"

"Bi Haruko aliniambia. Paolo aliniambia. Walitaka kuzima redio ili nisiisikie sauti yako."

"Sasa kwa nini ulishuka, mwanangu? Kwa nini?"

Siku alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si ulitaja radhi, Mama. Ningekaa wapi? Juu ya hapo hakuna pengine pa kwenda." Halafu akasogea karibu na wavu. "Mama. Bado ninayo?"

Mama alijibu kwamba anayo, anayo yote, anayo mpaka kaburini. Lakini aliona mwanawe anatazama pembeni, na akafahamu kwamba tangu sasa, kila akimpa neno, mtoto atajiuliza ni nani amemtuma.

*

Serikali ilipoona hila ya radhi imefaa, iliipenda. Kukawa na mwalimu mmoja kijana aliyechora Mtukufu amekaa paani ameshika bomba la mvua, kisha akavuka mpaka akakimbilia nchi jirani. Mama yake, Mama Tunu, alikuwa mjane, yuko kwake anasuka mikeka.

Mheshimiwa Makeke akamfuata tena muuza uji. Safari hii hakuvaa kandambili.

"Mama Sikudhani, una bahati. Ongea na mwenzako, mzazi kwa mzazi, redioni. Mweleze uzuri wa radhi. Akimwita kijana wake, kijana akavuka mpaka, jioni ile ile Siku analala kwako. Naapa mbele ya dereva wangu."

Mama alimwangalia. "Siku atalala kwangu?"

"Kitandani kwako."

Akapanda gari.

Walimkuta Mama Tunu amekaa kwenye mkeka ambao haujaisha, vipaza sauti vimemzunguka kama mizizi. Alikuwa amelia na kunyamaza. Alipomwona Mama Sikudhani alimshika mkono kama amemwona ndugu.

"Dada, wewe yamekupata. Wanasema mwanangu ana hatari huko aliko. Nifanye nini?"

Mheshimiwa alitabasamu. Taa nyekundu ya redio iliwaka. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza.

Mama Sikudhani akamwona Siku mawazoni: kitanda chake, shuka amelifua jana, mto. Alimwona kweli, amelala, miguu imepata nguvu. Akahema. Yule mama mwoga, aliyeshusha watoto wa watu kutoka kwenye mabenchi, akavisogelea vipaza sauti.

"Mama Tunu, mwanao anakula huko?"

"Anakula."

"Anapumua?"

"Anapumua, alhamdulillahi."

"Basi mwache aliko. Wasikwambie kitu. Radhi haiazimwi, dada yangu. Mimi niliwaazima yangu wakamfungia nayo mtoto. Ukimwita, watampokea kwa mkono, na huo mkono..."

Mheshimiwa alikwisha kurukia nyaya. Fundi mitambo, ambaye kazi yake ilikuwa kuzima, alichelewa kuzima. Naye alikuwa na mama yake.

Walimshusha garini katikati ya njia. Akarudi nyumbani kwa miguu, jua kichwani, na kitanda akakikuta kama alivyokiacha.

Siku hajatoka mpaka leo. Lakini Jumapili iliyofuata mama alipofika kwenye tundu la wavu na kikombe cha uji, hakuweza kuinua macho, na ni mwanawe aliyeanza.

"Nilikusikia, Mama. Askari walisahau kuzima redio yao."

"Ningekutoa, Siku. Ningesema tu lile walilotaka, ungekuwa nyumbani."

"Najua."

"Umenikasirikia?"

Siku alifikiri, maana hakuwa mtu wa kumdanganya mama yake. "Ile ya kwanza bado inaniuma, Mama," alisema. "Hii hapana. Lete huo uji."

Mimi nimefika mwisho wa pumzi. Nchi yenyewe sijawatajia, msiitafute kwenye ramani. Mwenye mtoto, ukibishiwa hodi kwa upole kupita kiasi, angalia kwanza miguuni kavaa nini.